Mrija wa Kwanza

"Sikunywa, mwalimu. Nilionja tu."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema binti yangu mbele ya mwalimu wa nidhamu, mkono mmoja umeshika ukuta, sweta la shule limelowa matapishi kifuani. Mwalimu akacheka kile kicheko cha mtu anayeona anafanyiwa ujeuri mchana kweupe. Akanigeukia, akasema, "Mama, unamsikia mwanao? Hata aibu hana."

Mimi sikucheka. Nilijua hadanganyi. Kwenye kitongoji chetu kuonja ni kuonja na kunywa ni kunywa, na mtoto wangu alikuwa amejibu swali kwa lugha aliyofundishwa. Sikumfundisha mimi.

"Tatizo ni malezi, mama," mwalimu akaendelea. "Malezi. Mkiharibu huko nyumbani mnatuletea sisi hapa."

Neno hilo nilishalisikia kanisani, nikalisikia kwenye mkutano wa kijiji, na kila mara linatamkwa na mtu anayemtazama mwanamke. Mume wangu alifariki binti huyu akiwa hajaanza shule. Nimemlea kwa udongo. Nafinyanga vyungu, nauza Lyulilo siku ya soko, na hakuna tone la pombe lililowahi kuingia ndani ya nyumba yangu. Nilitaka kumwambia mwalimu yote hayo, lakini alikuwa kijana aliyehamia juzi, anakaa nyumba ya shule, na kitongoji chetu anakijua kwa kukipita na pikipiki.

Mkuu wa shule alikuwa mstaarabu zaidi. Alisema binti akae nyumbani kwanza. Bodi itakapokutana aje na mimi, na aje na mwenyekiti wa kitongoji, amsemee kwamba amebadilika. Bila mwenyekiti asije. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto anayejua hesabu, na nilielewa vizuri kwamba akikosa kusemewa siku hiyo shule imekwisha.

Sasa nieleze mwenyekiti wetu ni nani. Ni yule mwenye grosari iliyo mkabala na geti la shule.

Tulitoka pale nikiwa nimemshika mkono kama mtoto mdogo. Njia ile naipita tangu nimeolewa, lakini siku ile niliiangalia. Grosari ya mwenyekiti imepakwa rangi ukuta mzima na kampuni ya bia, bure, rangi inang'aa mpaka inaumiza macho, na shule ya watoto wetu upande wa pili haijaguswa na brashi tangu nikumbuke. Kuna maandishi yanayosema pombe hairuhusiwi kwa walio chini ya umri. Yameandikwa kidogo, chini kabisa, na kreti zimepangwa mbele yake. Muziki ulikuwa unapigwa na ilikuwa bado asubuhi.

Mbele kidogo ni kijiwe cha bodaboda. Vijana wa pale wananiamkia vizuri kabisa, "Mugonile, mama," na mfukoni mwa kila koti kuna kichupa. Hivi vichupa vya plastiki ndivyo vilivyochukua nafasi ya vile vipakiti vya pombe kali vilivyopigwa marufuku. Vingine vinatoka huku kwetu, vingine vinavuka mpaka kwenye mto Songwe pamoja na sukari na vitenge, vingine vinakuja kwa mtumbwi ziwani, na vyote vinatosha kwenye kiganja cha mtoto. Mama muuza vitumbua anavyo chini ya kitambaa. Anayepima mawese anavyo pia, ila vyake ni vitupu, kwa sababu kitongoji kizima tunapima mafuta kwa kichupa. "Niletee kichupa kimoja." Hivyo ndivyo nilivyokuwa namtuma binti yangu tangu anafika kiunoni kwangu, na hivyo ndivyo kila mama anavyomtuma mwanawe. Mtoto wetu anakijua kile kichupa kabla hajajua kusoma kilichoandikwa juu yake.

Halafu uwanja wa mpira, ambako timu ya vijana ikishinda inapewa mbuzi na kreti. Nyuma ya uzio wa kanisa kuna kilabu cha kimpumu. Ufukweni ziko nyumba za wageni, na wageni wa mwisho wa wiki wanaacha chupa nusu mchangani, kisha watoto wanapita kuzimalizia kabla ya kwenda kuziuza. Yote haya yako kati ya darasa na kitanda cha mtoto wangu. Na mtu mmoja, anayelala ndani ya uzio wa shule, aliniambia malezi.

Tulipokaribia nyumbani nilisimama, nikamwuliza, "Nioneshe ulikoanzia."

Nilidhani atageuka nyuma kuonesha grosari, au kijiwe. Hakugeuka. Alinyoosha kidole mbele, kwenye ua wa baba yake mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, ambao umetenganishwa na ua wangu kwa mstari wa migomba tu.

"Pale, mama. Kwenye kuonja."

Nilijua. Nilikuwa nimejua siku zote, na nilikuwa nimegomba siku zote.

Desturi yenyewe ni hii. Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hunywewa kwa mirija. Chungu huwekwa katikati, yanamiminwa maji ya moto, watu wazima wanakizunguka na kila mtu anavuta kwa mrija wake. Lakini hakuna anayevuta kabla aliyekileta chungu hajavuta mrija wa kwanza. Huko ndiko kuonja. Aliyekileta akivuta, akameza, akabaki amesimama, wazee wanajua hamna kitu kilichotiwa ndani. Akikataa kuonja maana yake anajua alichokitia. Watu wameogopana hivyo tangu zamani, na sina ugomvi na woga wa watu wazima. Ugomvi wangu ni kwamba kubeba chungu ni kazi ya binti mdogo wa ukoo.

Binti mdogo wa ukoo ule, wajukuu wasipohesabiwa, ni wangu. Mara ya kwanza alikuwa shule ya msingi, meno ya mbele bado hayajakaa sawa. Nilirudi kutoka Lyulilo na vyungu nilivyokosa kuuza, nikamkuta amekaa kibarazani kwa baba yake mkubwa, mashavu yamewiva, anacheka peke yake, na wanaume wamemzunguka wanapiga makofi. "Amekua huyu," wakasema. "Ameonja bila kukunja uso." Niliweka vyungu chini nikaenda kumwambia shemeji yangu maneno ambayo mwanamke aliyeolewa haruhusiwi kuyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Kuonja si kunywa, shemeji."

Nikalipeleka kwa mchungaji. Akaniambia mila nyingine ni za kwenda nazo taratibu. Nikalipeleka kwa mwenyekiti, yule yule, akacheka mpaka akashika tumbo. Baada ya hapo kila palipokuwa na ugeni nilijitahidi kumpeleka binti mbali. Nilimchukua sokoni, nilimtuma Kyela mjini kwa shangazi yake. Lakini ugeni hautoi taarifa na ukoo wa mume wangu ni mkubwa. Msiba, arusi, mtoto kuzaliwa, mtu kurudi kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka. Kila mara chungu, kila mara "mwiteni binti."

Na mtoto akizoea mrija mbele ya wazee wanaompigia makofi, siku kijana wa bodaboda akimpa kichupa na kumwambia onja tu, atakataa kwa neno gani? Hatuna neno hilo. Tumempa neno la kukubalia peke yake.

Wiki zile za kukaa nyumbani nilimweka kwenye udongo. Asubuhi tulikwenda kuuchimba, mchana anaukanyaga, anatoa vijiwe, mimi nafinyanga. Saa za asubuhi alikuwa mtoto wangu, anaimba, ananitania kwamba vyungu vyangu vina makalio kama ya mke wa mchungaji. Ikifika alasiri, saa za kutoka shule, anabadilika. Ananijibu kwa mkato, anakwaruza udongo kwa kucha, anatazama njia. Sikumhubiria. Nilimpa udongo mwingine.

Siku moja alikuwa anasugua chungu cha mteja, kilicholetwa kwa sababu kilikuwa na ufa mdomoni. Akakinusa.

"Hiki ni cha kimpumu," akasema.

"Ndiyo."

"Akiweka maji ya kunywa humu?"

"Yatanuka. Ndiyo maana wanunuzi wenye akili wananunua viwili."

Akakizungusha magotini. "Hakuna namna ya kuitoa hiyo harufu, mama?"

Nilijua hatuongei habari za chungu. Nikamwambia kwamba ukikirudisha motoni harufu hutoka, ila uchome polepole, na uvumilie, maana kinaweza kupasuka.

Halafu akanieleza jambo ambalo hakuna mwalimu wala mchungaji aliyewahi kumwuliza. Alisema mrija wa kwanza haumpi raha hata kidogo, mchungu, unamtia kichefuchefu. Lakini ukishapita mdomo haufungi tena. Siku ile ya shule kijana mmoja kijiweni alimpa kichupa aonje. Alipoonja akaona ni kama amefunguliwa mlango, akamaliza, akaomba kingine. "Nikionja hata kidogo, mama, sirudi," akasema. "Kwa hiyo sitaonja. Popote."

"Hata kwa baba mkubwa?"

"Hata kwa baba mkubwa."

Nilimwambia, "Vizuri." Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, kwa sababu nilijua alichokuwa anakisema na nilijua kitamgharimu nini.

Na ugeni ulikuwa njiani. Binti mkubwa wa shemeji yangu alikuwa amechumbiwa ng'ambo, na ndugu wa mchumba, Wangonde wa Karonga ambao tunasikilizana nao lugha bila shida, walikuwa wanakuja kujitambulisha. Mwenyekiti amealikwa, na ni kabla ya bodi ya shule kukutana. Nilikwenda kwake mapema. Alikuwa anapanga kreti. "Hamna shida, mama," akasema. "Nitamsemea. Ni mtoto wetu. Mimi ni nani nimwache mtoto wetu aharibikiwe?" Alikuwa ameshika chupa mikono yote miwili wakati anasema hivyo, na uso wake ulikuwa wa mtu mwema kabisa.

Kisha nikavuka migomba kwenda kwa shemeji. Nilipiga magoti, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya msiba wa mdogo wake.

"Shemeji, siku ya wageni usimwite mtoto. Achukue mwingine chungu."

"Wageni watauliza binti mdogo yuko wapi."

"Waambie anaumwa."

"Nawaambiaje anaumwa na yuko hapo nyuma ya migomba, anaonekana?" Akaninyanyua kwa mkono. "Shemeji, unajitia presha bure. Si anaonja tu?"

Nilitaka kumpeleka Kyela tena. Binti ndiye aliyekataa. Alisema akikimbia hii atakimbia na nyingine, na mwenyekiti akisikia amekimbia atamsemea nini?

Wageni walifika asubuhi wakiwa wamependeza, wazee watatu na kina mama, na mzee mmoja mrefu mwenye fimbo ndiye msemaji wao. Tuliwapokea kwa vigelegele. "Ndaga fijo, ndaga," shukrani kila upande. Wali ulikuwa umeiva, kuku, samaki wa kukaanga. Kimpumu kilikuwa kimenunuliwa kilabuni, kimeletwa tangu jana, na chungu chenyewe kilikuwa kazi ya mikono yangu, shemeji alikinunua mwaka wa nyuma. Nilikiona kinachemkiwa maji nikatamani nikipige teke.

Walipokwisha kula, shemeji akasafisha koo. "Binti mdogo yuko wapi?"

Alitoka jikoni mwenyewe. Amevaa gauni lake la kanisani. Alibeba chungu bila kuyumba, akakiweka juu ya ngata katikati yao, akamimina maji ya moto, akachomeka mirija mmoja mmoja, akapiga goti kwa wageni kama inavyotakiwa. Kisha akasimama akaweka mikono nyuma.

Watu wakasubiri.

"Onja, mwanangu," shemeji akasema.

"Hapana, baba mkubwa."

Alisema taratibu sana, nadhani wengine walidhani hawakusikia vizuri. Shemeji akatabasamu kwa wageni. "Ana aibu. Onja, mwanangu, wazee wana kiu."

"Samahani, baba mkubwa. Sionji."

Mzee wa fimbo alikuwa ameshaukaribia mrija. Niliuona mkono wake ukirudi polepole mpaka kwenye goti. Mama mmoja wa Karonga akafunika mdomo kwa kanga. Mwingine akavuta kiti nyuma, na miguu ya kiti ikakwaruza ardhi.

"Umetia nini humu?" shemeji akauliza. Alikuwa bado anatabasamu lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni.

"Sijatia kitu. Sinywi pombe."

"Nani amekwambia unywe? Uonje."

"Ni hiyo hiyo, baba mkubwa."

Mwenyekiti akaona heshima ya kitongoji inamwagika. Akainama mbele, akatumia ile sauti yake ya mikutano. "Binti. Usituaibishe mbele ya wageni. Unakumbuka kuna mahali mimi na wewe tunatakiwa kwenda? Unataka nikakusemee nini kule? Onja kidogo tu, tuyamalize."

Nilisikia vizuri. Watu wote walisikia. Mtu aliyetakiwa kwenda kusema kwamba mtoto wangu ameacha pombe alikuwa anamwambia anywe pombe ili akamsemee. Na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Nilitazama uso baada ya uso, sikuona hata mmoja.

Binti yangu akanitazama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa nguvu mpaka midomo imekuwa myeupe. Hapo nikasimama.

"Mwenyekiti," nikasema, "onja wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayekitaka. Si kuonja tu?"

Akakitazama chungu. Akasema yuko kwenye dawa.

"Shemeji, basi wewe. Umekinunua mwenyewe, unajua kimetoka wapi, kimelala nyumbani kwako. Huyu ameshika chungu kutoka jikoni mpaka hapa, mbele ya macho yenu. Onja."

Shemeji yangu anamjua mtoto huyu tangu tumboni. Amembeba mgongoni. Nilimwona anautazama ule mrija, nikamwona anatamani kuinua mkono, na mkono ukakataa. Alimwogopa. Watu wazima wamekizunguka chungu, watu wanaokunywa kuanzia asubuhi, watu waliokunywa vitu vilivyopikwa kwenye mapipa yaliyokuwa na sijui nini, na hakuna aliyethubutu kuvuta. Kwa miaka mingi nimelia mbele yao kwamba kitu hiki ni sumu kwa mtoto, wakanicheka. Siku mtoto alipofunga mdomo, wote wakaamini ni sumu.

Ni mzee wa fimbo aliyetuokoa. Akasema kwa adabu kwamba safari ilikuwa ndefu na wao kule siku hizi ni watu wa chai. Tukapika chai. Mazungumzo ya uchumba yakaenda vizuri na yakaisha jua likiwa bado juu, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika ukoo ule. Chungu kikabaki katikati, maji yakapoa.

Mwenyekiti aliondoka bila kuaga. Kesho yake nilipomwendea hakuacha kupanga kreti zake. "Siwezi kumsemea mtoto asiyeheshimu wazee," akasema. Nikamwuliza kama aliwahi kumwona mtoto mwenye heshima akilewa pale mbele ya duka lake, akaniambia nisimletee maneno ya sokoni.

Kwa hiyo siku ya bodi tulikwenda wawili, ingawa tuliambiwa tusije bila yeye. Wajumbe wakauliza mwenyekiti yuko wapi. Binti ndiye aliyejibu, amesimama wima. "Amekataa kuja kwa sababu nilikataa kuonja." Yule mwalimu wa nidhamu akainua kichwa ghafla. Neno lile alikuwa ameshalisikia kwake. Akamwuliza kuonja ni nini hasa, na safari hii akasubiri jibu. Binti akaeleza, chungu, mrija, wazee, tangu akiwa shule ya msingi. Mjumbe mmoja, mzee wa hapa hapa, alikuwa anatazama viatu vyake muda wote.

Wakamrudisha. Tulipokuwa tunatoka mkuu wa shule akanishika mkono akasema, "Hongera mama. Haya ndiyo malezi."

Nilitabasamu kwa sababu ya mtoto. Nje ya geti nilitema mate. Hawakuwa wameelewa kitu. Akianguka ni malezi, akisimama ni malezi, na ng'ambo ya barabara ule ukuta unang'aa, muziki unapigwa, maandishi madogo yako nyuma ya kreti. Hakuna mjumbe aliyevuka barabara siku ile kwenda kumwuliza mtu chochote. Nasikia wawili walivuka kwenda kunywa.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ile ile. Watu ndio waliobadilika. Habari za chungu zilikuwa zimetutangulia, na zilikuwa zimenenepa njiani. Binti wa mfinyanzi alitaka kuwaua wageni. Binti wa mfinyanzi ana kitu. Vijana wa kijiweni walituamkia wakiwa wanatazama pembeni. Muuza vitumbua akavuta kitambaa chake. Mama mmoja alimrudisha mwanawe ndani tulipopita.

Nililia usiku mmoja, siku zilizofuata nikaanza kuona. Hakuna kijana anayempa kichupa, kwa sababu hakuna anayetaka kupokea kitu kilichopita mkononi mwake wala kumpa chake. Hakuna anayemtuma pombe. Baba yake mkubwa hamwiti. Anatoka shule, anapita grosari, kijiwe, kilabu, na njia inamfungukia mpaka nyumbani. Kitongoji chetu hakikuweza kumlinda mtoto huyu kwa upendo, wala kwa sheria, wala kwa Injili. Kimemlinda kwa kumdhania mchawi.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa sababu desturi haikufa. Ilitafuta mtoto mwingine.

Wiki iliyopita shemeji alikuwa na wageni tena. Nilikuwa uani napanga vyungu vya kuchoma, binti yangu anapasua kuni. Tukasikia, "Mwiteni binti mdogo." Kupitia migomba tukamwona mjukuu wa shemeji, mtoto wa darasa la tatu, anatoka jikoni na chungu kilichomzidi ukubwa, ulimi nje kwa kujitahidi asikimwage. Wazee wakaanza kupiga makofi.

Niliangusha nilichokishika. Kabla sijafika kwenye migomba, binti yangu alikuwa ameshavuka. Hakukimbia. Aliingia uani kwao na sare yake ya shule, akapiga goti, akawaamkia wote kwa heshima zote, "Mugonile." Kisha akaenda akasimama karibu na chungu, bega kwa bega na yule mtoto, akamshika mkono, akaweka mkono wake mwingine juu ya ukingo wa chungu, pale tu.

Makofi yakakoma. Mmoja baada ya mwingine, wazee wakarudisha mikono magotini.

"Haya," shemeji yangu akasema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Wapikieni chai."